MIKONO YA CHUMA KAGONGWA



Mhariri wa jarida letu alipotutaka kila mmoja aandike juu ya jambo analolijua, wengi walitazamia niandike juu ya mipango na bajeti, kwa kuwa ndiyo kazi inayonipa ugali. Hayo nayaacha kwa taarifa za ofisi. Nataka niandike juu ya kazi nyingine ninayoifanya Jumamosi jioni bila mshahara wala posho, nayo ni kutengeneza mikono ya roboti pamoja na vijana watatu wa Kagongwa, nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga. Wala si mikono ya namna yoyote tu. Tunatafuta mkono unaokwenda mbio.

Najua wapo watakaocheka. Kagongwa tunayoijua sote, iliyo kandokando ya barabara kuu kati ya Isaka na Kahama, ni mji wa mpunga, malori na vumbi la pumba. Mtu akisikia neno roboti mawazo yake huenda Japani. Hata hivyo jambo hili lina historia ndefu, na sehemu yake kubwa imepita mlangoni petu bila sisi kuitambua. Makusudi ya makala haya ni kuieleza historia hiyo kwa ufupi, kisha kuonyesha kwa nini inatuhusu sisi tuliosoma katika shule hii.

Neno na mashine yake

Neno roboti halikuzaliwa kiwandani. Lilizaliwa jukwaani. Mwaka 1920 mwandishi wa Kicheki, Karel Čapek, alitoa mchezo wa kuigiza uitwao R.U.R., ambamo watu wa kutengenezwa hufanya kazi zote badala ya binadamu. Jina alilowapa linatokana na neno la Kicheki robota, ambalo maana yake ni kazi ya lazima, ile ambayo mkulima maskini aliifanya katika shamba la bwana wake bila malipo. Wazee wetu waliotolewa majumbani kwao kwenda kujenga barabara kwa amri ya mkoloni wasingehitaji kamusi ili walielewe neno hilo. Tulikumbuke jambo hili, kwa maana tutalirudia: tangu mwanzo swali la roboti lilikuwa ni swali la nani anamfanyia nani kazi, na kwa faida ya nani.

Mashine yenyewe ilikuja baadaye. Mwaka 1954 Mmarekani George Devol aliomba hataza ya mkono wa mashine unaoweza kufundishwa kazi, kuikumbuka na kuirudia. Hataza hiyo aliipata mwaka 1961. Mwenzake, Joseph Engelberger, ndiye aliyeifanya biashara. Mwaka huohuo wa 1961, mwaka ambao Tanganyika ilipata Uhuru wake, mkono wao wa kwanza ulioitwa Unimate ulikuwa kazini katika kiwanda cha General Motors karibu na mji wa Trenton, jimbo la New Jersey. Ulikuwa na uzito wa karibu tani mbili. Kazi yake ilikuwa kuchukua vipande vya chuma vya moto vinavyotoka katika kalibu, kazi iliyokuwa ikiwaunguza watu na kuwavutisha moshi wenye sumu.

Unimate ulikuwa na nguvu nyingi, lakini hakuna aliyeusifu kwa wepesi. Wepesi ulikuja kutoka kwa watu waliofikiri kwa njia nyingine. Mwaka 1978 Hiroshi Makino wa Chuo Kikuu cha Yamanashi, Japani, alibuni mkono unaokunjuka ubavuni kama mlango wenye bawaba mbili, imara kwa kwenda chini na mlegevu kwa kwenda pembeni. Ukafaa sana kwa kupachika vipuri vidogo. Kisha mwaka 1985 Reymond Clavel, huko Lausanne, Uswisi, alibuni mkono uitwao Delta. Chanzo chake kilikuwa kazi ndogo kabisa: kuchukua chokoleti mojamoja na kuzipanga katika boksi. Clavel alitundika mota tatu juu, zikatulia palepale, na chini yake akaning'iniza fito nyembamba zinazokutana katika kiganja kimoja. Mikono ya namna hiyo huokota na kuweka zaidi ya mara 100 kwa dakika. Jicho la mtu haliwezi kuifuata.

Chuma katika nchi yetu

Mtu asidhani kwamba wakati hayo yote yakitendeka sisi tulikuwa tumekaa tu. Kabla ya Wajerumani kufika, Warongo wa Buzinza, katika sehemu ambazo leo ni mkoa wa Geita, walikuwa wakiyeyusha chuma kutoka katika mawe kwa mkaa na mivukuto, wakafua majembe yaliyokwenda Usukumani na Unyamwezini. Jembe lilikuwa chombo, lilikuwa fedha, na lilikuwa mahari. Mfua chuma alikuwa mtu wa kuheshimiwa. Majembe ya bei rahisi kutoka ng'ambo yalipojaa madukani tanuri zikazimika, na ujuzi ule ukabaki kwa wazee wachache.

Kisha zikaja mashine za wengine. Mwaka 1940 John Williamson aligundua almasi Mwadui, na pale pakajengwa mji mzima wa mashine katikati ya mbuga. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001 na Buzwagi, jirani kabisa na mji wa Kahama, mwaka 2009 hadi ulipofikia mwisho wa uzalishaji mwaka 2021. Katika migodi ya chini ya ardhi kuna sehemu ambazo paa lake halijategemezwa, na mtu haruhusiwi kuingia. Hapo huingia mashine ya kuzoa mawe huku dereva wake amesimama mbali, ameshika kisanduku cha vitufe. Hiyo nayo ni mkono wa roboti, ila umevaa magurudumu. Vijana wengi wa Kahama wameendesha mashine hizo kwa ustadi mkubwa. Kuendesha walifundishwa. Kuzibuni hakuna aliyewafundisha.

Serikali yetu haikuwa kipofu kwa jambo hili. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akataka shule isiwe mahali pa kukariri tu. Katika miaka ya 1970 shule za sekondari ziligawanywa kwa michepuo ya kilimo, biashara, ufundi na sayansikimu. SIDO ilianzishwa mwaka 1973 ili kuviinua viwanda vidogo. Huko Arusha TEMDO ilianzishwa mwaka 1980 na CAMARTEC mwaka 1981, zibuni zana zinazofaa mazingira yetu. Wakubwa wetu waliosoma miaka hiyo watakumbuka jiliwa, tupa na msumeno wa chuma, na namna mwalimu wa ufundi alivyokuwa akikirudisha kipande cha kazi mara tatu hadi pembe yake inyooke barabara.

Sisi tuliosoma miaka ya 1990 tuliikuta karakana, lakini tuliikuta imefungwa kwa kufuli na ndani yake mna viti vilivyovunjika. Simlaumu mtu. Fedha zilikuwa hazipo na nchi ilikuwa katika dhiki. Nasema tu kwamba ufundi ulitoka shuleni ukahamia mitaani. Ulikaa katika magari ya waya tuliyoyasuka kwa mikono yetu, yenye usukani mrefu na magurudumu ya ndala, na ulikaa katika mashine za mpunga. Nilipokuwa mtoto mashine hizo ziliendeshwa kwa injini za dizeli za Lister, na mlio wake ulisikika toka mbali. Injini ilikaa upande mmoja, kinu upande mwingine, na kati yao mkanda mrefu ulipeleka nguvu. Uzito ulitulia chini na mwendo ukasafiri kwa mkanda. Huo ndio msingi uleule alioutumia Clavel huko Lausanne, ambao fundi wa Kagongwa alikuwa nao miaka yote bila kuupa jina.

Majirani zetu hawakulala

Mwaka 2013 mhandisi Thérèse Kirongozi wa Kongo alisimamisha roboti za kuongoza magari katika makutano ya barabara mjini Kinshasa. Baadaye zikafika Lubumbashi, mji wa migodi ambao watu wake husema Kiswahili kama sisi. Zilitengenezwa kwa alumini, zikatumia umeme wa jua, na mikono yake ikainuka na kushuka kama ya askari wa barabarani. Hazikuwa za haraka, wala kazi yake haikuhitaji haraka. Lakini ziliundwa na Wakongo, kwa tatizo la Wakongo.

Nchini Kenya, David Gathu na Moses Kiuna wa sehemu za Kikuyu, ambao walijifundisha wenyewe, walijulikana katika miaka ya mwanzo ya 2020 kwa mkono wa bandia unaofuata ishara za ubongo zinazopokelewa na kifaa kinachovaliwa kichwani. Vitu vingi walivyotumia vilitoka katika mabaki ya vyombo vya umeme vilivyotupwa. Hapa kwetu maonyesho ya Young Scientists Tanzania, ambayo chama chake kilianzishwa mwaka 2011, yamewapa wanafunzi wa sekondari nafasi ya kusimama na kazi zao mbele ya waamuzi. Kwa hiyo hatuanzi safari hii peke yetu.

Tena mlango umefunguka kwa namna ambayo haikuwepo wakati wetu. Mwaka 2005 walimu na wanafunzi wa Ivrea, Italia, walitoa Arduino, kompyuta ndogo isiyozidi kiganja, yenye michoro iliyo wazi kwa kila mtu kuinakili. Leo nakala zake huuzwa kwa bei ambayo vijana watatu wakichangishana wanaimudu. Printa na fotokopi zilizokufa, ambazo ofisi huzipanga stoo zikisubiri kufutwa, zina ndani yake mota zinazokwenda hatua kwa hatua, mara nyingi hatua 200 kwa mzunguko mmoja. Ukiziamuru hatua 50 zinageuka robo mduara, wala hazipungui wala hazizidi, mradi usizitwishe mzigo kupita uwezo wake.

Kasi ni nini

Sasa nifikie jambo lenyewe. Kwa nini tusitosheke na mkono unaokwenda polepole? Jibu ni kwamba mkono wa polepole hausomeshi. Mkono wa polepole unaweza kujengwa kwa kubahatisha: ukiona hauinui, unaongeza gia. Mkono wa haraka hukataa kubahatisha. Unakulazimisha ukae chini na kalamu.

Chukua mfano huu. Mkono unahamisha nati kutoka sahani moja hadi nyingine kwa sekunde mbili. Unataka uihamishe kwa sekunde moja. Wengi watasema tuongeze nguvu mara mbili. Sivyo. Ukiupunguza muda hadi nusu, mkono hauna budi kushika mwendo, na kuuacha, kwa ukali wa mara nne. Basi msukumo unaotakiwa ni mara nne, na kwa kuwa msukumo huo unatolewa kwa mwendo uliozidi mara mbili, uwezo unaotakiwa kwa mota ni mara nane. Niliwaandikia vijana hesabu hii kwa mkaa ukutani, nao wakanyamaza. Ni hesabu ya sekondari. Walikwisha kuifanyia mtihani, lakini hawakuwa wamewahi kuigonga kwa paji la uso.

Jambo la pili ni mahali uzito unapokaa. Uzito ulio mbali na kiungo hupinga kugeuzwa kwa kiasi cha umbali uliozidishwa kwa wenyewe. Mota moja ndogo ya servo, zile zinazotumika katika ndege na magari ya kuchezea, huwa na uzito wa gramu 55 hivi. Ukiifunga sentimita 10 kutoka begani ina ukaidi wake. Ukiisogeza hadi sentimita 30, ukaidi huo ni mara tisa, ingawa mota ni ileile na gramu ni zilezile. Kila mwanamke aliyetwanga mpunga anajua kwamba mchi mzito kichwani hauinuki kama mchi ulioshikwa katikati.

Kutokana na hayo mawili inafuata kanuni ambayo ndiyo kiini cha makala haya: mkono wa haraka haujengwi kwa kuongeza, hujengwa kwa kuondoa. Ondoa mota kwenye kiwiko, ziweke chini. Ondoa chuma, weka kitu chepesi kilicho kigumu. Ondoa ulegevu kwenye viungo. Ukimaliza kuondoa, mota ndogo itafanya kazi ambayo mota kubwa ilishindwa.

Mikono mitatu ya Kagongwa

Mkono wa kwanza vijana waliujenga kabla sijakutana nao, kwa ajili ya maonyesho ya shule. Ulikuwa wa maboksi na mabomba ya sindano yaliyojazwa maji. Ukisukuma bomba huku, jingine linasukumwa kule, na mkono unainuka kama wa kijiko kile cha kuchimbia mgodini. Ni mkono mzuri wa kufundishia, na una nguvu. Lakini maji hayana budi kupita katika mpira mwembamba kama utambi, kwa hiyo ni mkono wa kuinuka kama mzee anayetoka kitandani.

Mkono wa pili ulikuwa na mota za servo, moja katika kila kiungo, namna ambayo michoro mingi huonyesha. Ulikwenda. Lakini kila mota ilibeba zile zilizo mbele yake, na ulipofika mwisho wa safari ulitetemeka kama mtu mwenye homa, hata tukalazimika kusubiri utulie ndipo uweke nati. Tulipima kwa saa ya simu: muda wa kutulia ulikaribia muda wa kusafiri. Hapo ndipo ile hesabu ya mkaa ilipoingia.

Mkono wa tatu tuliujenga kwa kuufuata mkanda wa Lister. Mota tatu za fotokopi tulizifunga juu, katika fremu ya mbao za mninga, nazo hazisogei kabisa. Fito za juu ni mabomba membamba ya alumini. Fito za chini ni njiti za mwavuli zilizooanishwa mbilimbili. Viungo vyake ni vya mipira midogo inayozunguka katika vikombe, vilivyoshikwa na springi ili visilegee. Mwendo unateremka kwa mikanda yenye meno iliyotoka katika printa. Kiganjani hakuna mota hata moja, kuna koili nyepesi tu ya sumaku ya umeme, iliyosokotwa kwa waya wa shaba. Nati ishirini ziliruka kutoka sahani moja hadi nyingine kabla sijamaliza kuhesabu thelathini. Fundi mkuu wa mashine, mzee asiyetoa sifa ovyo, alisimama akatazama, akasema: "Wanangu, huu sasa unafanya kazi."

Ilibaki kuufundisha adabu. Mkono ukianza ghafla na kusimama ghafla hurusha mzigo. Kijana mdogo kuliko wote ndiye aliyeandika programu ya kuongeza mwendo kidogokidogo na kuupunguza kidogokidogo, kama dereva mzuri wa lori lililobeba mayai. Ajabu ni kwamba mkono ulipoanza kwa upole ulimaliza mapema zaidi, kwa sababu haukuhitaji tena kusubiri mtetemo utulie.

Adabu nyingine ni ya usalama, na hiyo tuliiandika ukutani kwa rangi nyekundu: hakuna mtu kuingiza mkono ndani ya fremu kabla waya wa betri haujatolewa. Mwendo ukizidi mara mbili pigo lake huzidi mara nne. Nilipokuwa kijana nilimwona mtu aliyepoteza vidole viwili katika mkanda wa mashine ya mpunga, naye alikuwa mtu mwangalifu. Chombo chenye kasi hakikupi nafasi ya kuomba radhi.

Swali la akina mama

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Katika uwanja ule wanakaa akina mama wanaochambua mchele. Wanaupepeta, wanatoa kokoto, punje nyeusi na mpunga uliobaki. Wanalipwa kwa kiasi walichochambua, na kwa fedha hiyo wengine wamesomesha watoto. Walipouona mkono wa tatu walicheka kwanza. Kisha mmoja akaniambia: "Bwana Mipango, huo mkono wenu ukishajua kutofautisha punje na kokoto, sisi tutakwenda wapi?"

Ni swali la heshima, nalo linastahili jibu la kweli. Ni swali lilelile la Čapek. Unimate ulipoingia Trenton ulimwondoa mtu kwenye chuma cha moto, na hakuna anayekisikitikia chuma cha moto. Lakini kuchambua mchele kivulini huku unaongea na jirani yako si chuma cha moto.

Kwanza, yatupasa tuseme wazi kwamba mshindani wa akina mama hawa si mkono wetu. Mshindani wao yuko nchini tayari. Ni mashine ya kuchambua mchele kwa rangi, ambayo viwanda vikubwa vya mpunga vimeinunua kutoka ng'ambo. Ndani yake mchele huteremka katika mifereji, kamera huitazama kila punje, na iliyo mbaya hupigwa pumzi ya hewa ikaruka pembeni kabla haijafika chini. Viwanda vya almasi duniani hutumia ndugu yake: mawe hupitishwa katika eksirei, almasi hung'aa, na hewa huipuliza kando. Hakuna mkono wa fito unaoweza kushindana na pumzi. Mashine hiyo haikusubiri vijana wa Kagongwa waijenge, wala haikumwuliza mtu.

Pili, mashine hiyo inapoharibika nini hutokea? Mwenye kiwanda hupiga simu, naye huambiwa asubiri fundi kutoka mbali na kipuri kutoka mbali zaidi. Huku nyuma mpunga wa wakulima unangoja na bei inashuka. Ndani ya kile kisanduku kilichofungwa mna mota, vali, kamera na kompyuta ndogo. Vijana watatu waliojenga mkono wa njiti za mwavuli wanavijua vitu hivyo kwa majina na kwa tabia. Wakiruhusiwa kukifungua watakielewa. Asiyejenga mkono wowote hatakielewa, hata ukimpa kitabu chake.

Hilo ndilo jibu nililompa yule mama, ingawa nakiri kwamba halijazi kapu lake. Kuja kwa mashine si uamuzi wetu peke yetu. Lakini kama itatubidi kuishi nayo kama wapangaji au kama wenye nyumba, hilo liko katika uwezo wetu. Warongo walipouacha ufuaji hawakuacha kutumia majembe. Waliacha kuyajua. Toka hapo bei ya jembe ilipangwa na mtu asiyewahi kulima Buzinza. Yeye akanijibu kwa kifupi: "Basi wafundisheni na binti zetu." Tangu siku ile tunao mabinti wawili, na mmoja wao analehemu nyaya kwa mkono uliotulia kuliko wa kaka zake.

Kazi iliyo mbele yetu

Ndugu zangu, sisi tuliopita katika shule hii tumekuwa wengi. Wamo wahasibu, madaktari, wanasheria, wafanyabiashara wa mpunga na watu wa migodini. Tukikutana tunachangia chakula, muziki na fulana, nami sipingi. Lakini napendekeza katika mkutano mkuu wa mwaka huu tuichukue karakana kuwa kazi yetu. Simaanishi jengo jipya. Jengo lipo, kuta zake ni nzima. Lahitaji viti vitolewe, paa lizibwe, na mambo machache yaingie: majiliwa manne, drili moja ya mezani, tupa na misumeno, pasi za kulehemu, mita za kupimia umeme, na kompyuta zilizokwisha kutumika ambazo ofisi zetu zinaweza kuzitoa kwa kufuata taratibu. Kila mmoja wetu aliye na mamlaka juu ya stoo ya printa mbovu ajue kwamba ameketi juu ya shehena ya mota, mikanda na gia. Zikifutwa kwa utaratibu, zije shuleni.

Walio migodini nao wana fungu lao. Ninyi mnajua vihisio, vali na mabomba ya mafuta ya shinikizo kuliko mwalimu yeyote wa fizikia mkoani kwetu. Jumamosi moja kwa muhula, mtu aje na kipuri kilichokufa, akifungue mezani, na wanafunzi wakione tumbo lake. Hiyo haigharimu senti.

Yupo atakayesema kwamba mtihani wa taifa haumwulizi mwanafunzi namna ya kuoanisha njiti za mwavuli. Ni kweli. Lakini unamwuliza juu ya mwendo, nguvu, mzunguko na umeme, na kijana aliyeona mkono wake mwenyewe ukitetemeka hasahau tena kwa nini. Kati ya wale vijana watatu mmoja yuko chuo cha ufundi, mwingine anasoma Kidato cha Sita, na wa tatu amebaki Kagongwa akitengeneza mashine za mpunga. Huyo wa tatu asionekane kuwa ndiye aliyeshindwa. Msimu uliopita mashine mbili zilizokuwa zimesimama zilirudi kazini kwa mikono yake, na mpunga uliokuwa umerundikana uani ulikobolewa kabla ya mvua.

Nitaleta mkono wa tatu kwenye mkutano, pamoja na orodha ya vifaa na makadirio ya gharama yake. Mabinti wetu wawili ndio watakaouendesha. Wenye maswali ya kifundi wawaulize wao.